Kito cha Kijani cha Taita: Ni Pambo, Ni Riziki, Lakini Si Dawa

Na MWANDISHI WETU

JE, umewahi kuambiwa kwamba jiwe la kijani likivaliwa shingoni hushusha shinikizo la damu? Au kwamba pete yenye kito cha kijani humtuliza mwenye wasiwasi, humwongezea mtu nguvu za macho na kumsafisha figo?

Maneno ya aina hii husikika sana pale mapambo yanapouzwa. Kwa wengi ni porojo za biashara tu. Lakini kwa mgonjwa aliyechoka kumeza tembe kila siku, porojo hizo zaweza kuwa hatari. Akivaa mkufu na kuacha dawa, shinikizo lake la damu litaendelea kupanda kimyakimya bila dalili yoyote, hadi siku mshipa utakapopasuka kichwani au moyo utakaposhindwa kufanya kazi.

Msomaji, si vibaya kupenda vito. Vibaya ni kukitwika kito kazi isiyo yake.

Leo tunakiangazia kito kimoja cha kijani kinachopatikana hapa kwetu, nacho ni tsavoriti. Tutaeleza sifa zake, maana ambazo watu wameipa rangi yake, na namna ya kukitunza. Aidha tutatazama jambo linalosahaulika mara kwa mara: afya ya yule anayekivaa na ya yule anayekichimba.

TSAVORITI NI NINI?

Tsavoriti ni jiwe la ukoo wa garneti. Wengi wakisikia garneti huwaza jiwe jekundu kama damu ya mzee, lakini ukoo huo una mawe ya rangi nyingi. Tsavoriti limeumbwa kwa kalisi, alumini na silika. Ukijani wake hutokana na kiasi kidogo cha madini ya vanadi, na wakati mwingine kromi.

Mawe haya yalifanyika ardhini takriban miaka milioni 600 iliyopita, katika mkanda wa miamba ya kale unaopita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji na Madagaska. Humu nchini hupatikana Taita Taveta, katika nyanda kavu zinazopakana na mbuga ya Tsavo.

Mara nyingi kito hiki hukutwa ndani ya mwamba wenye grafiti, yale madini meusi yanayotumiwa kutengeneza penseli. Hukaa humo kama donge lenye umbo la kiazi. Mchimbaji hulipasua donge bila kujua kama ndani mna kito safi au vipande vilivyovunjikavunjika. Ndiyo maana tsavoriti safi inayozidi karati 2 ni adimu, ingawa karati 5 ni gramu 1 pekee.

Aliyekitambulisha kito hiki kwa ulimwengu ni Campbell Bridges, mwanajiolojia mzaliwa wa Uskoti. Alikiona kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka wa 1967, kisha akakipata Taita mwaka wa 1970. Mwaka wa 1974 kampuni ya mapambo ya Tiffany ya New York ilianza kukitangaza kwa jina la tsavorite, kutokana na Tsavo. Bridges mwenyewe aliuawa karibu na Voi mnamo Agosti 2009, katika mzozo uliohusu machimbo.

Historia hii fupi ina funzo kwa mnunuzi. Mtu akikuambia kwamba tsavoriti ilitumiwa na matabibu wa Misri ya kale au wa Uchina ya kale, jua anakudanganya. Jiwe hili halikujulikana sokoni kabla ya miaka ya 1960. Sifa zote za uponyaji zinazotajwa juu yake zimeazimwa kutoka kwa mawe mengine ya kijani, hasa zumaridi na yade.

KIJANI NA MAANA ZAKE

Watu wengi ulimwenguni wameipenda rangi ya kijani na kuipa maana. Sababu haiko mbali. Kijani ni rangi ya majani baada ya mvua, na mahali penye majani pana chakula.

Katika bendera ya Kenya, kijani kinasimamia ardhi na utajiri wake wa asili. Kwa Waislamu rangi hii ina heshima ya pekee, na Qurani inataja mavazi ya kijani ya watu wa peponi. Kwa Wahindi wanaofuata elimu ya nyota, zumaridi ni jiwe la sayari ya Zebaki, nalo huvaliwa na anayetafuta busara na ufasaha wa kusema.

Kuna pia desturi ya vito vya mwezi wa kuzaliwa, ambapo garneti ni ya waliozaliwa Januari. Baadhi ya watu hudhani hiyo ni siri ya tangu jadi. Hata hivyo, orodha inayofuatwa sana siku hizi ilipangwa mwaka wa 1912 na chama cha wauza vito wa Marekani. Ilipangwa ili kuuza bidhaa.

Hakuna ubaya mtu akiivaa pete yake kama kumbukumbu ya ndoa, ya mzazi au ya imani yake. Pete inayokukumbusha mtu umpendaye yaweza kukufariji, na faraja ni kitu kizuri. Lakini faraja hiyo inatoka kwenye kumbukumbu yako. Jiwe lenyewe halitoi kitu chochote kinachoingia mwilini kupitia ngozi.

IMANI ZA TIBA ZILITOKA WAPI?

Pliny, mwandishi wa Roma aliyeishi karne ya kwanza, aliandika kwamba wachongaji wa vito walipochoka macho waliyapumzisha kwa kutazama zumaridi. Maneno yake yamerudiwa kwa karibu miaka 2,000.

Hebu tuyafikirie. Mchongaji hukaza macho saa nyingi kwenye kitu kidogo kilicho karibu. Akiiacha kazi na kutazama kwingine, misuli ya macho hulegea. Kilichompumzisha ni kule kuacha kazi. Fundi cherehani, mwanafunzi na mtumiaji wa kompyuta wanaweza kupata nafuu hiyo hiyo bure. Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Ukiwa na mti wa kijani nje ya dirisha, vyema zaidi.

Imani nyingine ya kale ilidai kwamba nyoka akiiona zumaridi hupofuka. Mwanachuoni Mwislamu Al-Biruni, aliyeishi takriban miaka 1,000 iliyopita, hakuridhika na maneno matupu. Alilijaribu jambo hilo kwa nyoka halisi, akamwekea zumaridi kwa miezi kadhaa. Macho ya nyoka hayakudhurika hata kidogo. Huo ni mfano bora kwetu: dai la tiba lijaribiwe kwanza, liaminiwe baadaye.

Nalo jiwe la yade lilipata jina lake kutokana na ugonjwa. Wahispania waliolikuta huko Amerika ya Kati katika karne ya 16 waliliita jiwe la ubavuni, kwa sababu liliaminika kutuliza maumivu ya ubavu na figo. Hadi leo aina moja ya yade huitwa nefriti, kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya figo. Jina limebaki, lakini hakuna daktari wa figo anayeandikia wagonjwa yade.

Mtu mwenye maumivu makali ya ubavu, anayekojoa damu au kuvimba miguu na uso, anahitaji kupimwa mkojo na damu bila kukawia. Figo zikiharibika sana hazirudi zilivyokuwa.

JIHADHARI NA MAJI YA MAWE

Kuna watu wanaotumbukiza mawe ya kijani ndani ya maji ya kunywa ili yapate nguvu. Hapa ndipo imani yaweza kugeuka sumu.

Tsavoriti haiyeyuki ndani ya maji. Lakini mnunuzi wa kawaida hawezi kutofautisha mawe yote ya kijani kwa macho. Lipo jiwe la malakiti, lenye mistari ya kijani iliyofifia na iliyokolea, linalochimbwa kwa wingi katika eneo la Katanga nchini Kongo na kuuzwa kama shanga na vinyago. Malakiti ni madini ya shaba. Asidi huliyeyusha, iwe ni maji ya ndimu, siki au asidi iliyo tumboni.

Shaba ikizidi mwilini huleta kichefuchefu, kutapika, kuumwa na tumbo na kuharisha. Ikiwa nyingi zaidi hudhuru ini na figo. Kwa hivyo usinywe maji yaliyolowekwa jiwe lolote, na usimpe mtoto mchanga shanga za mawe azitafune. Mbali na sumu, shanga moja yatosha kumkaba koo.

Fundi anayekata au kusugua malakiti naye asivute vumbi lake. Afanye kazi hiyo kwa maji, huku amefunika pua na mdomo kwa barakoa ifaayo.

KIDOLE KIKIGEUKA KIJANI

Wako wanaovaa pete, na baada ya siku chache wanaona ngozi ya kidole imekuwa kijani. Wengine huambiwa kwamba kito kinavuta sumu kutoka mwilini. La hasha. Hiyo ni shaba iliyochanganywa katika madini ya pete. Ikikutana na jasho hutoa rangi, na rangi hiyo huoshwa kwa maji na sabuni.

Tofauti ni pale ngozi inapowasha, kuwa na vipele, kupasuka au kutoa majimaji. Mara nyingi chanzo ni nikeli, madini yanayotumiwa sana katika mapambo ya bei nafuu. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa nikeli atasumbuliwa kila anapoivaa. Asilaumu kito. Aiache pete hiyo na kutafuta ya dhahabu safi zaidi, fedha isiyo na nikeli au plastiki.

Wakati mwingine tatizo ni sabuni na maji yanayobaki chini ya pete. Akina mama na akina baba wanaofua na kuosha vyombo wavue pete kwanza, na baadaye wakaushe vidole vyema kabla ya kuivaa tena.

Mjamzito naye aivue pete mapema vidole vinapoanza kuvimba, kabla haijakwama. Uvimbe wa ghafla wa mikono na uso, pamoja na kuumwa kichwa au kuona ukungu, ni dalili za hatari katika ujauzito. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

VUMBI LINALOUA POLEPOLE

Hadi hapa tumemzungumzia anayekivaa kito. Sasa tumtazame anayekitoa ardhini, kwani yeye ndiye mwenye hatari kubwa zaidi.

Mchimbaji mdogo hufanya kazi kwa nyundo, patasi, sururu na pengine baruti. Kila pigo hutoa vumbi. Katika vumbi la miamba mna chembe za silika ndogo kiasi kwamba hazionekani kwa macho. Chembe hizo hupita puani, hupita kooni, na kutua ndani kabisa ya mapafu. Mwili hujaribu kuziondoa na kushindwa, na mahali zilipotua pakafanya makovu. Pafu lenye makovu haliwezi kutanuka sawasawa. Ugonjwa huu unaitwa silikosisi.

Ubaya wa silikosisi ni kwamba haina haraka. Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi, ingawa palipo na vumbi jingi sana huweza kuja mapema. Mgonjwa huanza kwa kuhema anapopanda mlima, kisha hukohoa, huchoka upesi na kukonda. Mwishowe hupungukiwa na pumzi hata akiwa ameketi.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Methali yasema kinga ni bora kuliko tiba, lakini kwa silikosisi kinga ndiyo njia ya pekee. Shirika la Kazi Ulimwenguni na Shirika la Afya Ulimwenguni yalianzisha mwaka wa 1995 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030.

Aidha, pafu lililojeruhiwa na silika huwa rahisi kushikwa na kifua kikuu, na hatari huongezeka zaidi kwa mtu anayeishi na virusi vya ukimwi. Magonjwa haya mawili yana dalili zinazofanana. Mchimbaji anaweza kutibiwa kifua kikuu tena na tena ilhali kinachomsumbua ni silikosisi, au akadhani ni vumbi tu ilhali ana kifua kikuu kinachoambukiza jamaa zake.

Ndiyo maana ni muhimu ukifika hospitalini umweleze daktari kazi unayoifanya na miaka uliyoifanya. Mwambie: "Mimi ni mchimbaji wa mawe tangu mwaka fulani." Neno hilo moja laweza kumwongoza kuagiza picha ya kifua pamoja na kupima makohozi. Matibabu ya kifua kikuu ni bure katika hospitali za umma. Usingoje kikohozi kipitishe wiki mbili.

MCHIMBAJI AJIKINGE VIPI?

Jambo la kwanza ni maji. Mwamba ukilowanishwa kabla na wakati wa kupasuliwa, vumbi hushuka chini badala ya kupaa. Tunajua kwamba nyanda za chini za Taita ni kavu na maji huko hununuliwa kwa taabu. Lakini hata ndoo chache zinazonyunyizwa mahali pa kazi husaidia kuliko kutofanya lolote.

Pili, baada ya kulipua baruti, vumbi liachwe litue na hewa ibadilike kabla mtu hajateremka shimoni.

Tatu ni barakoa. Leso au fulana iliyofungwa puani haizuii chembe zile ndogo. Inatakiwa barakoa iliyotengenezwa kwa ajili ya vumbi, inayoshika uso pande zote, na ibadilishwe inapoziba.

Nne, usifagie shimo likiwa kavu, na usirudi nyumbani na nguo za kazi. Mke anayekung'uta nguo hizo na watoto wanaokaa karibu huvuta vumbi lile lile. Nguo zilowekwe majini kwanza.

Tano, mchimbaji anayevuta sigara aache. Mapafu yenye adui mmoja yasiongezewe wa pili.

Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwawezesha kupata vibali. Nayo sheria ya 2007 kuhusu fidia kwa walioumia kazini inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi, lakini inamlinda mwajiriwa. Mchimbaji anayejitegemea hana mwajiri wa kumdai. Kwa hivyo wanaofanya kazi pamoja wajiunge katika vikundi, ili waweze kununua vifaa vya kujikinga na kwenda kupimwa kifua kila mwaka.

KUTUNZA KITO CHAKO

Uzuri wa tsavoriti ni kwamba haihitaji makuu. Wauza vito hupima ugumu wa mawe kwa vipimo vya 1 hadi 10, almasi ikiwa 10. Tsavoriti ina 7 hadi 7.5. Malakiti ina 3.5 hadi 4, na kwa hivyo hukwaruzika upesi.

Zumaridi ni ngumu kidogo kuliko tsavoriti, lakini mara nyingi huwa na nyufa ndogo zinazojazwa mafuta ili zisionekane. Tsavoriti kwa kawaida haijazwi mafuta wala haipikwi kwa moto kuongezwa rangi.

Kuisafisha, tia maji vuguvugu kwenye bakuli pamoja na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Loweka kwa dakika chache, sugua taratibu kwa mswaki laini, hasa nyuma ya kito ambako mafuta ya ngozi hujificha. Suuza na ukaushe kwa kitambaa laini. Usiioshee juu ya sinki lililo wazi, usije ukakipoteza kito bombani.

Usikifute kito kikiwa kikavu na chenye vumbi. Vumbi la nyumbani lina chembe za silika, na silika ina ugumu wa 7, unaokaribiana na wa kito chenyewe. Kadiri unavyofuta ndivyo kingo zake zinavyofifia. Silika hiyo hiyo inayokwaruza kito ndiyo inayomjeruhi mchimbaji mapafuni.

Epuka joto na baridi ya ghafla, kwani jiwe laweza kupasuka. Usikubali lisafishwe kwa mvuke. Ikiwa lina nyufa, lisitiwe pia katika mashine za kusafisha kwa mitetemo. Vua pete unapotumia dawa za kung'arisha nguo, unapolima na unapocheza mpira.

Weka kila kito katika mfuko wake wa kitambaa. Mara moja kwa mwaka mpelekee sonara atazame kama vishikizo vimelegea.

Ikiwa una pete au mkufu wa kijani, uvae na uufurahie. Ikiwa pia una tembe za shinikizo la damu, za kisukari au za ugonjwa mwingine, zimeze kama ulivyoagizwa, kwani kito hakiwezi kuchukua nafasi yake. Na ikiwa nyumbani kwenu kuna ndugu aliyewahi kufanya kazi machimboni na sasa anakohoa au kuhema, msihi aende akapimwe wiki hii.